Kostansia, Aliyefeli Kemia Akairudia

Baba Paroko, wazazi wetu, ndugu na marafiki mliosafiri kutoka Louisville na Columbus kuja kutushika mkono hapa Buffalo, mimi ni Jovini, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ambayo yeye mwenyewe aliyawekea sharti moja akiwa kitandani hospitalini: "Msome na pale nilipofeli, msiparuke."

Kostansia Uwase alizaliwa tarehe 11 Mei 1988 huko Kibungo, Rwanda, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Medard na mama Dafroza, Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 wakiwa bado wadogo, na mwaka 1994 familia ikakimbia tena, ikapokelewa Tanzania katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, ambako alisoma shule ya msingi na sekondari, na ndiko alikoanza kuipenda kemia, somo walilofundishwa bila maabara, mwalimu akichora chupa ubaoni na wanafunzi wakiwazia rangi za maji yaliyomo.

Mwezi Oktoba 2007 tulihamia Louisville, Kentucky, na baada ya muda mfupi akaajiriwa kufunga vipuri katika kiwanda kimoja cha Jeffersontown, akifanya shifti ya mchana na kusoma asubuhi, kwa kuwa cheti cha kambini hakikutambuliwa, hadi alipopata kingine mwaka 2009, na mwaka 2011 akajiunga na chuo akiwa na nia ya kuwa mfamasia.

Huko alikutana na kemia ya kaboni, na sura iliyomwangusha ni ile inayoeleza jinsi kundi moja la atomi linavyoiachia kaboni na mgeni mwingine, anayeitwa nyukliofili, akaingia mahali pake na elektroni zake, kwa hiyo mwanafunzi sharti ajue ni mgeni yupi mwenye nguvu zaidi, naye Kostansia alikariri mpangilio wao kama mtu anavyokariri sala, iodidi mbele na floridi nyuma kabisa, bila kujua kwa nini, na mtihani ulipobadilisha kiyeyushi, yaani kimiminiko ambamo vitu hivyo huyeyushwa, mpangilio ule ukageuka, akafeli Desemba 2012, akarudia na kufeli tena, na mshauri wa masomo akamwambia kwa upole kwamba afadhali atafute fani nyingine.

Katikati ya hayo, tarehe 20 Julai 2013, alifunga ndoa takatifu huko Louisville na Karoli Muhoza, na mwaka uliofuata wakahamia Columbus, mtaa wa Northland, Karoli alikopata kazi ya ghala, na Mungu akawajalia binti, Kirezi, tarehe 2 Februari 2015, na baadaye mtoto wa kiume, Reginaldi, tarehe 17 Septemba 2019, aliyezaliwa hapa Buffalo.

Kostansia alikuwa ameshavifungia vitabu vyake kwenye sanduku, na kila alipoulizwa habari za chuo alibadilisha mazungumzo, mpaka siku moja Karoli alipolifungua lile sanduku mwenyewe, akavipanga vitabu mezani na kumwambia, "Mimi kemia siijui, ila wewe nakujua," na tangu siku hiyo akabeba malezi ya mtoto kila jioni ili mkewe arudi darasani, na kwa hilo, shemeji Karoli, familia yetu haitaacha kukushukuru.

Katika darasa hilo la mwaka 2016 alikutana na Nabintu, mama Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akihudumia wazee majumbani, wakawa wanasoma pamoja jikoni kwa Nabintu, karibu na barabara ya Morse, na siku alipomsikia Kostansia akiimba mpangilio wake, Nabintu alimkatiza: "Bon, wacha kuimba majina. Uliza kwanza iko ndani ya nini." Kisha akamchorea floridi ndani ya maji, ndogo, chaji yake imebanana, molekuli za maji zimeizunguka na kuing'ang'ania hata haiwezi kuifikia kaboni, wakati iodidi, kubwa na laini, maji huishika kwa ulegevu tu, lakini ukihamia kiyeyushi kisichoing'ang'ania hivyo, floridi huachiwa na nguvu yake huonekana, na kaboni yenyewe ikiwa imesongwa pande zote, hata mgeni mwenye nguvu hapati pa kupita, na Kostansia, aliyekuwa amelibeba swali hilo kwa miaka minne, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Desemba hiyo akafaulu.

Agosti 2017 familia ilihamia Cheektowaga, akasomea ufamasia hapa Buffalo, akahitimu Mei 2021 na kuajiriwa hospitalini, na kila Jumamosi alifundisha kemia katika ukumbi wa kanisa hili, akimwambia kwanza kila mwanafunzi mpya kwamba yeye alifeli mara mbili, ndipo afungue kitabu, na Chimène ambaye leo ni muuguzi, na Elie wa maabara, walipita mikononi mwake.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi za limfu, na Kirezi alipouliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ile dawa ya kwenye mpira wa dripu inafanya nini, mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba dawa ile ikishapita kwenye ini, klorini yake huondoka na nitrojeni ya DNA ya seli huingia mahali pake, seli ikafungika isigawanyike tena, na akaongeza, "Hiyo ndiyo sura iliyonifelisha, mwanangu, na leo inanitibu." Ilimtibu kweli, akapata karibu mwaka mzima wa kazi, watoto na Jumamosi zake, hadi ugonjwa uliporudi Julai 2025, akatutoka asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Novemba, Karoli amemshika mkono na mama akisali kwa Kirundi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa ule mwaka, wafamasia wenzake waliogawana zamu zake, majirani wa Cheektowaga waliosukuma theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, na wale wa usafi wodini, ambao yeye mwenyewe aliagiza tusiwasahau.

Dada Kostansia, hatukuruka popote, tumesoma yote kama ulivyotaka, nenda ukapumzike kwa amani.