Gramafoni ya Skolastika na Gari la Damasi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Aliyeko jikoni apunguze moto, aliyeko njiani asogee kivulini. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa kwetu Babati. Jina lake ni Skolastika Damasi. Narudia, Skolastika Damasi, ambaye wengi mlimwita Mama Kandida. Ametutoka wiki iliyopita nyumbani kwake Bonga, watoto na wajukuu wakiwa kando yake. Alikuwa ameshavuka miaka themanini, na meno yake karibu yote alikuwa nayo bado, jambo alilojivunia kuliko hata nyumba yake ya matofali.

Mjini walimjua kama mama wa gramafoni. Vijana, msicheke, ngojeni niwaeleze. Gramafoni ni chombo cha kupigia sahani za santuri. Ya Skolastika haikutaka umeme wala betri. Ilikuwa na mkono pembeni. Unauzungusha kama mtu anayesaga, springi ya ndani inajikaza, kisha sahani inazunguka na muziki unatoka. Alirithi kwa baba yake, aliyekuwa mpishi wa mkulima mmoja wa Kizungu. Mkulima alipofunga safari ya kwao, alimwachia mpishi gramafoni, sanduku la sahani na paka mmoja mkorofi.

Sasa twendeni miaka ya themanini. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Sukari ilikuwa ya kupangiwa foleni. Sabuni ulisikia tu kwamba imeonekana mahali. Redio zilinyamaza kwa kukosa betri. Petroli ndiyo usiseme, na hata aliyeipata, Jumapili baada ya saa nane mchana gari lake halikuruhusiwa barabarani.

Nyumbani kwa Skolastika kulikuwa na gari. Lilikuwa jeusi, la kabla ya Vita Kuu ya Pili, lenye taa mbili za mviringo na paa la turubai la kukunja. Mume wake, Damasi, ndiye aliyeliendesha tangu ujana. Gari hilo lilibeba maharusi, mapadri na wagonjwa. Ukitaka kupanda, kwanza ulikung'uta viatu. Padri naye alikung'uta.

Petroli ilipokosekana kabisa, Damasi aliliegesha uani. Na yeye ni kama aliegeshwa pale pale. Binti yao Kandida anasema: "Baba alikuwa anaamka, anaingia kwenye gari, anashika usukani, basi. Tunamsalimia, shikamoo baba. Anaitika, marahaba. Hapo umeshamaliza maneno yake ya siku nzima."

Skolastika hakuweza kuvumilia hali hiyo. Alikuwa ameolewa na mtu mcheshi, mpiga kelele, na sasa analala na gogo. Ndipo akapata wazo ambalo mji mzima uliliona la kichaa. Alizunguka kwa wenye magari mengine ya kizamani, yale ambayo kuku walikuwa wanatagia ndani, akawaambia wayasafishe. Siku ya Saba Saba yatapangwa uwanja wa mpira, watu waje wayaone, na yeye atapiga muziki wa enzi za magari hayo.

"Watu hawana sabuni, wewe unataka kuonyesha magari yasiyotembea?" waliuliza.

"Sabuni hatuna," akajibu, "lakini macho na masikio hayajaadimika."

Magari yalifikaje uwanjani bila petroli? Yalikokotwa na maksai. Jirani yao Marseli alikuwa na maksai wa kulimia. Alifunga mnyororo kwenye gari la Damasi, yeye akatangulia na ng'ombe, Damasi akashika usukani, Skolastika akakaa kiti cha nyuma na gramafoni mapajani. Na alikuwa na sharti moja. Wimbo usiwe mdogo kwa umri kuliko gari. Kijana mmoja alimwomba apige dansi mpya, akajibiwa: "Gari hili ni mkubwa wako. Mkubwa wako humwimbii vitu vya juzi."

Mwaka wa kwanza alipatikana. Grisi ya springi ilikuwa haipo mjini, basi akaipaka mafuta ya kondoo. Mnaijua baridi yetu ya Julai. Mafuta yaliganda. Wimbo wa dansi ukaanza kujivuta, ukajivuta, ukageuka wa msibani. Wazee walivua kofia. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba akauliza nani amefariki. Skolastika akabeba gramafoni mbio hadi kwenye jiko la muuza mahindi ya kuchoma, akaiotesha moto, na mwimbaji akafufuka huku anakimbia. Uwanja mzima ulicheka. Damasi naye alicheka. Wasikilizaji wapendwa, kicheko hicho ndicho mkewe alichokuwa anakitafuta. Lakini walipofika nyumbani Damasi alirudi kwenye kimya chake, na Skolastika akaanza kuisubiri Saba Saba nyingine.

Na sasa tufike mwaka elfu moja mia tisa themanini na tano. Shamba lao lilikuwa Bonga, na wakati huo walikuwa wakiishi mjini. Mahindi yalikubali mwaka ule. Yalivunwa, yakarundikwa shambani, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Hakuna lori. Mikokoteni michache iliyokuwepo ilikuwa inabeba mazao ya wenyewe. Marseli alikuwa na maksai na jembe la kukokotwa, mkokoteni hana. Kila asubuhi rundo lilikuwa limepungua kidogo. Panya walikula, na wezi wa miguu miwili walikula zaidi.

Akaja Teodori, fundi chuma. Akalizunguka lile gari, akagonga gonga. "Mama Kandida, ekseli ya hili gari na magurudumu yake, ninakutolea mkokoteni wa uhakika. Bati litakalobaki nitachukua kuwa ujira wangu."

Skolastika alibaki katikati. Upande mmoja chakula cha watoto cha mwaka mzima. Upande mwingine mume, na mume mwenyewe yumo ndani ya hilo gari. Mwishowe alimwambia. Damasi alitazama mbele, kama mtu anayeangalia barabara. Kisha akasema neno moja tu: "Kateni."

Miaka mingi baadaye Skolastika alimwambia Kandida: "Angegomba ningefurahi. Hakugomba. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba tukilikata, tunamkata na yeye."

Ilikubaliwa Teodori aje Jumatatu na msumeno wake. Saba Saba iliangukia Jumapili, basi gari likapelekwa uwanjani kwa mara ya mwisho. Marseli na maksai mbele. Damasi kwenye usukani, mkono mmoja umeshika, mwingine umelala tu pajani. Skolastika nyuma na gramafoni yake. Saa nane imeshapita. Na pale njiani, wakasimamishwa na askari.

"Mzee, shikamoo. Jumapili saa hizi, gari barabarani?"

Marseli akajibu kwa niaba ya Damasi. "Afande, wanaolivuta ni hawa. Wamekunywa maji ya mtoni, hawajanywa petroli."

Askari alizunguka. Aliinama akachungulia chini. Alikuna kichwa. "Kama linakokotwa na ng'ombe," akasema, "basi huo ni mkokoteni. Mkokoteni haukatazwi. Piteni."

Watu walicheka. Skolastika naye alianza kucheka. Akageuka akatazama pale alipokaa. Akatazama magurudumu. Akatazama mgongo wa mumewe. Mwaka wa tatu huo wanalikokota gari hilo kwa maksai mpaka uwanjani, na kesho yake wanataka kulikata ili wapate kitu cha kukokotwa na maksai! Jamani, binadamu tuna macho, lakini kuona ni kazi nyingine.

Hakupiga kelele. Ilikuwa rahisi kuona, ila kumwambia Damasi ndiko kulikokuwa kugumu. Walipofika uwanjani alizungusha mkono, akaweka sahani ya dansi ya zamani, watu wakaanza kujisogeza. Kisha akaenda dirishani kwa mumewe.

"Baba Kandida."

"Naam."

"Viti vya nyuma vinang'oka?"

"Vya nini?"

"Nafasi ya magunia."

Damasi akamtazama. "Mahindi? Kwenye gari la maharusi?"

"Ama mahindi leo, ama msumeno kesho. Mimi sitaki msumeno, Damasi. Nimechoka kukuona umekufa na bado unakula ugali wangu."

Alisema hivyo hivyo, mbele ya watu. Wimbo uliisha, sindano ikawa inakwaruza sahani tupu, kra, kra, na Skolastika, aliyezitunza sahani zile kama mayai, hakwenda kuinyanyua.

Damasi akaanza kunung'unika. "Marseli hajui kona. Kwenye mteremko ule wa Bonga atalipindua. Usukani nashika mimi." Akashuka, akainama kwenye gurudumu. "Na breki naziangalia leo leo. Fundi Teodori yuko wapi? Aache msumeno, alete spana."

Basi Jumatatu Teodori alikuja na spana. Viti vya nyuma viling'olewa, magunia yakapandishwa, na gari la maharusi likaanza kubeba mahindi kutoka Bonga, safari baada ya safari, yao na ya majirani. Maksai walipopumzishwa, Skolastika alipiga santuri kando ya barabara, na wapita njia walisimama kutazama maonyesho ambayo hayakusubiri Saba Saba. Njia nzima sauti ya Damasi ilisikika. "Kulia, Marseli! Kulia, nimesema! Wewe mwenye mbuzi, barabara ni ya babu yako?"

Safari ya mwisho ilifika nyumbani jua linazama. Damasi aliegesha, akavuta breki ya mkono, akashuka, akajikung'uta vumbi. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama Kandida! Chakula kipo?"

Swali la kawaida, wasikilizaji wapendwa. Kila mwanamume anayetoka kazini huliuliza. Lakini kwa miaka ile yote Damasi hakuwa ametoka kazini, basi hakuwa ameliuliza. Skolastika alimwambia binti yake: "Niliinamia sufuria, nikalia, nikapakua."

Damasi aliishi miaka mingine mingi, akigombana na kila mtu, na alitangulia mbele za haki akiwa mzee kabisa. Sasa mkewe amemfuata. Kwa Kandida, kwa ndugu zake, kwa wajukuu na majirani wote wa Bonga, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako yuko mtu aliyenyamaza. Umemzoea, unamsalimia, anaitika, unapita. Leo usipite. Kaa naye, umuulize zamani alikuwa anafanya kazi gani, kisha utazame hapo nyumbani, huenda kazi hiyo bado ipo.