Mzee Ndoo na Kinywa cha Shangazi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Ndoo atatundika buti zake za mpira nyuma ya mlango wa stoo ya lishe. Utumishi wake wa miaka thelathini na tisa katika bustani yetu ya wanyama utakuwa umefika tamati. Faili lake linasema yeye ni Mhudumu Mwandamizi wa Viboko. Viboko wenyewe ni mmoja tu, anaitwa Shangazi, na hatambui vyeo.

Wiki ya pili tangu aajiriwe, lori lilimleta Shangazi, ndama mwenye ukubwa wa kabati na hasira za kabati lililoangushwa. Mzee wetu, enzi hizo kijana, akatumwa ampelekee maziwa. Shangazi akaingiza kichwa kizima kwenye ndoo, ndoo ikakwama, wakazunguka ua wote wawili, mmoja akivuta na mwingine haoni anakokwenda. Hapo ndipo jina lilipopatikana. Wakati huo tulikuwa na kibanda cha tiketi cha mbao. Baada ya hapo tulikuwa na mbao.

Wenzetu waliokuja juzi, waliokuta vioo na mitaro, hawaamini mambo ya enzi zile. Watoto walipanda kobe kama baiskeli. Maharusi walivishwa chatu shingoni wapige picha, bwana harusi akitabasamu kwa meno na kulia kwa macho. Nyani alivaa kaptula akawapelekea wageni chai, nusu akiinywa njiani. Lakini nyota ya bustani alikuwa Shangazi. Mzee Ndoo akisimama mbele yake asubuhi, kinywa kinafunguka kama mlango wa gereji, nao wageni wanapanga foleni kumtupia mikate. Siku moja ilitumbukia kofia ya mwalimu mkuu aliyeleta wanafunzi. Mwenyewe aliingojea siku nne, ikarudi, lakini hakuivaa tena. Wote tuliamini kinywa kile ni matunda ya mafunzo ya hali ya juu, na Mzee Ndoo, kwa unyenyekevu wake unaojulikana, hakukanusha.

Halafu, mwaka wake wa kumi na sita kazini, mgeni mmoja alitupa jiwe. Shangazi alikuwa amefungua kinywa akingoja mkate kama kawaida. Jino la chini, upande wa kushoto, likapasuka. Mzee Ndoo, ambaye hakulia hata alipokanyagwa na mbuni, aliketi juu ya ndoo yake akalia mbele za watu. Alisema yeye ndiye aliyemzoesha kuwaamini. Kesho yake alibisha hodi kwa Mkurugenzi akaomba uzio usogezwe nyuma hatua kumi na mikate ipigwe marufuku. Mkurugenzi aliuliza wageni watakuja kutazama nini sasa. Alijibiwa kwamba watamtazama kiboko akiwa kiboko, na asiyeridhika akatazame ng'ombe wa jirani yake.

Mambo yalianza kubadilika polepole kuanzia pale. Bwawa lilichimbwa upya, likatiwa tope la kutosha. Chatu aliachana na maharusi. Nyani alivuliwa kaptula, akarudishwa kwa wenzake, na baada ya wiki mbili za kutazamwa kwa mashaka akakubalika. Mwisho kabisa Mkurugenzi aliandika kitabu, Mwongozo wa Kutogusana na Wanyama, kurasa mia na kumi na mbili. Mzee Ndoo aliusoma kila asubuhi akiwa ameegemea nondo za bwawa, hata akapewa cheti cha bidii ya kujisomea.

Tatizo likabaki jino. Daktari wetu wa mifugo lazima alikague na kulisafisha kila mwezi, la sivyo linaoza. Kumchoma kiboko wa umri ule sindano ya usingizi ni kamari, maana anaweza kulala jumla. Njia salama ni afungue kinywa mwenyewe, nyuma ya nondo, na tangu siku ya jiwe alimfungulia Mzee Ndoo peke yake. Aliletwa mtaalamu mwenye filimbi. Shangazi alimsikiliza siku tatu, ya nne akamgeuzia makalio, akaanza kutikisa mkia. Anayewajua viboko anajua kwamba kinachofuata ni mvua ya kinyesi. Koti la mtaalamu bado liko kwenye kamba yetu ya kuanikia, hajalifuata.

Mwezi Machi aliteuliwa mrithi, mkata tiketi wa langoni, mama wa watu asiye na makuu. Alijaribu ndoo ya Mzee Ndoo, ovaroli yake, hata kikohozi chake. Kinywa kilibaki kimefungwa. Mzee Ndoo alimwelekeza kila alichokijua, ila hakujua ni kipi hasa kinachofanya kazi. Daktari akaanza kuulizia ile sindano. Mzee Ndoo akaanza kukonda. Akasema ataomba aongezewe mwaka mmoja, na mkewe akamjibu kwamba basi godoro lake lihamie bwawani.

Mrithi akaamua kumchunguza Mzee Ndoo badala ya kiboko. Asubuhi ya tatu akaona jambo. Mzee anaegemea nondo, anafungua Mwongozo, anafika ukurasa wa nne, penye maana ya neno mguso katika aya kumi na moja, na hapo anapiga miayo mpaka magego ya mwisho yanaonekana. Shangazi anamtazama, anaambukizwa, naye anaachama. Siri ilikuwa hiyo tu, miaka yote. Kabla ya Mwongozo kuandikwa Mzee alikuwa na watoto wadogo nyumbani wasiomwacha alale, hakuhitaji kitabu. Alipoambiwa alikiri kwamba siku zote alidhani Shangazi ndiye anayemwambukiza yeye.

Miayo ya kughushi Shangazi haipokei, tumejaribu. Jumanne iliyopita mrithi alisimama kwenye nondo na Mwongozo mkononi, Daktari pembeni na brashi yake. Mzee Ndoo alikatazwa kuonekana, kwa hiyo alijificha nyuma ya mapipa akiwa amevaa ndoo kichwani. Aya ya sita, kimya. Aya ya tisa, macho yakaanza kulegea. Aya ya kumi na moja mrithi alipiga miayo iliyomtoa machozi, na Shangazi akaachama. Jino likasafishwa lote. Shangazi akafunga kinywa, akazama kwenye tope lake, na hakugeuka hata mara moja kumtafuta Mzee Ndoo. Mzee alivua ndoo macho yakiwa mekundu, akasema hivyo ndivyo alivyotaka. Tulimwamini, na bado tulimpa leso.

Mrithi huyo ndiye mimi ninayeandika haya. Kwa ombi la mstaafu, Ijumaa Mkurugenzi atatusomea ukurasa wa nne kwa sauti, sherehe ikifanyika kando ya bwawa. Wafanyakazi wote mnaombwa mpige miayo bila haya, ili Shangazi naye aage.

Asante kwa kila asubuhi, Mzee Ndoo. Jino liko mikononi mwetu. Nenda nyumbani ukalale unono, umetupigia miayo ya kutosha.