Bi Teodora na Ukurasa wa 43

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane kazini, Bi Teodora Wilk anakabidhi funguo za maktaba ya mji wetu wa Olszyce. Alizipokea akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, jiko la makaa likiwa bado katikati ya chumba cha kusomea.

Wengi wanamkumbuka kwa mwaka wa mafuriko, alipopandisha vitabu elfu nne ghorofani kwa beseni la kufulia. Wengine wanamkumbuka kwa keki yake ya jibini, na wale waliokunja kona za kurasa wanakumbuka ulimi wake. Mimi nitamkumbuka kwa jinsi alivyowajua wasomaji wa riwaya za mapenzi ya makabaila.

Riwaya hizo zinafanana. Kuna kasri, kuna binti aliyeposwa na mtu asiyemtaka, kuna kijana wa ukoo hasimu anayemfuata kwa farasi kwenye theluji. Msomaji hufika katikati ndipo agundue kwamba machozi haya alikwisha kuyalia mwaka juzi. Kwa hiyo akina mama wa Olszyce kila mmoja ana ukurasa wake, na akimaliza kitabu huacha alama ndogo hapo: Bi Genowefa mstari chini ya namba 17, Bi Bogna alama ya vema kwenye 29. Kanuni inatutaka tuzifute. Bi Teodora alikuwa na kifutio mezani kwa ajili hiyo, na hadi leo ni kipya.

Nilipoajiriwa, miaka tisa iliyopita, nilijitia bidii nikazifuta zote kwa kifutio changu mwenyewe, kwa wiki moja. Ijumaa Bi Genowefa alirudi na kitabu mkononi. “Binti, huyu bwana harusi nimeshamzika mara mbili,” aliniambia. “Nani kakutuma?” Bi Teodora alimtuliza kwa chai.

Jumatatu nilikagua rafu. Hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuweka alama upya, ila mmoja. Kiduara cha penseli ya zambarau kilikuwa kwenye ukurasa wa 43 wa kila riwaya ya makabaila niliyoifungua, hata zile tatu zilizofika asubuhi hiyo zikiwa bado ndani ya nailoni. Nailoni niliichana mwenyewe. Nikachukua kifutio changu.

“Hiyo iache,” alisema Bi Teodora. “Ni ya Leokadia.”

Bi Leokadia Maj, mshonaji wa mtaa wa kanisani, alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo.

Yaliyobaki nilielezwa Mei mwaka huu. Leokadia alikuwa akisoma Theluji ya Orlin, riwaya ya juzuu tatu. Ya pili inaishia Eliza akiwa langoni, koti halijafungwa vifungo, na gari la farasi la Konstanty, kijana wa ukoo hasimu, linamngoja. Haijulikani kama atapanda au atarudi ndani. Leokadia alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya juzuu ya tatu. Ilipofika, Bi Teodora alimpa mke wa meya, aliyeiomba kwa sauti tamu.

“Nilisema ni wiki moja tu, Leokadia hatajua,” aliniambia. “Alhamisi akafa.”

Kwa miaka kumi na moja Bi Teodora aliendelea kutuambia kwamba kwake foleni haivunjwi, na kila Jumamosi aliifungua juzuu ile kwenye ukurasa wa 43. Palikuwa peupe. Kile kiduara kilikuwa kwenye riwaya zote isipokuwa hiyo. Sasa alikuwa anastaafu, na aliogopa kuondoka na deni la marehemu shingoni.

“Anangoja nimpe kwa mkono wangu,” alisema. “Na nikiandika jina lake kwenye kadi ya waazimaji iliyomo kitabuni, nimekiri mbele ya mji mzima.”

Ijumaa iliyopita, saa kumi alasiri, alikiri. Mbele ya Bi Genowefa, Bi Bogna na mimi, aliandika Leokadia Maj kwenye kadi, akagonga muhuri, akaiweka juzuu ya tatu kwenye kiti cha dirishani alichokipenda marehemu. “Leokadia, zamu yako,” alisema. “Niliitoa kwa mwingine. Nisamehe.” Hakuna aliyecheka. Tulifunga mlango tukaondoka pamoja, na funguo nilikaa nazo mimi.

Jumatatu asubuhi kiti kilikuwa kitupu. Kitabu kilikuwa kwenye meza ya marejesho, kadi ikiwa ndani yake. Kwenye ukurasa wa 43 kulikuwa na kiduara, na zambarau yake ilinishika kidoleni. Bi Teodora alikitazama, akaketi, akalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna mtu ameweka maji ya chai.

Wafanyakazi wenzako tunakushukuru, Bi Teodora, kwa vitabu ulivyoviokoa na kwa kifutio ambacho hukukitumia. Kuanzia Julai utakuja kama msomaji. Umeshachukua kadi, umeshachagua ukurasa wako na alama yako, na umenionyesha mimi peke yangu. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na hadithi tamu. Alama yako naijua sasa. Naomba ipite miaka mingi sana kabla sijaikuta kwenye kitabu ambacho hukuwahi kukiazima.