Maafisa Wanaongoja Macho

Kaeni, batoto yangu. Weye Divin, vuta kiti karibu na dada yako, usijifanye unatafuta chaja. Na weye Arlette, acha kuangalia mlango, barabara ya Kolwezi itakuwepo hata kesho. Daktari amesema mapafu yangu yamechoka, nami sibishani naye, niliyatumia vya kutosha kule usine, kiwanda cha Panda. Nikinyamaza katikati ya neno, ngojeni, mtu asinimalizie.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani ya mama yenu ni ya Arlette. Msumeno mwembamba, tupa na vyombo vya kulehemu ni vya Divin, maana anavijua. Hayo ni mepesi. Linalonisumbua ni jeshi langu la askari wadogo wa bati lililo kabatini.

Watu wa mtaa wanasema mzee Constantin anachezea toto za bati, nami nimewaacha waseme. Ninyi mnajua kwamba kila Jumapili baada ya misa rafiki yangu Casimir alitoka Kambove na Wajerumani wake ndani ya boksi la viatu, tukatandika kitambaa cha kijani mezani, tukapigana upya vita vya Tabora, vya Wabelgiji na Wajerumani, vile ambavyo babu yangu alivitembea kwa miguu na mizigo ya watu kichwani. Askari wa kawaida wakifanana, hakuna anayelalamika. Afisa hapana. Maafisa wanaotumwa toka Ulaya wote ni mtu mmoja: mkono ule ule juu, sharubu zile zile, kidole kile kile kinaonyesha mbele, na ukiwapanga pamoja unaona aibu. Ndiyo sababu tuliwakata shingo, tukawatoboa kwa keekee ya mkono, tukaingiza uzi wa shaba, ambayo hapa Likasi hatujaikosa, mpaka mmoja akageukia kushoto, mwingine akashusha mkono kiunoni, mwingine akainua darubini. Divin aliijua kazi hiyo akiwa bado analowanisha godoro. Mimi nilipaka makoti na mikanda. Lakini nyuso na macho tangu mwanzo yalikuwa ya Bibiane, mama yenu, naye akamfundisha Arlette peke yake. Tukaweka sheria, na Casimir akaikubali: afisa asiye na macho hapandi mezani, na kikosi kisicho na afisa hakisogei.

Bibiane alipotutoka, mvua ilikuwa imekata barabara, chumba cha maiti hakikuwa na umeme, na Divin akaamua tuzike asubuhi. Arlette ukafika toka Kolwezi alasiri, ukakuta udongo umeshafunika. "Umezika mama, miye sikumuona hata sura," ukamwambia ndugu yako pale pale makaburini, na toka siku hiyo hamjasalimiana. Sikuikata kesi ile, na leo siikati, kwa sababu ninawaona wote wawili mna haki na wote wawili mnaumia. Ila maafisa wapya wamebaki kabatini na rangi ya kwanza tu, nyeusi tii, hawana nyuso, na Casimir akija anakunywa chai, anarudi Kambove bila kufungua boksi lake. Nimehuzunika sana, batoto yangu, na si kwa ajili ya mchezo.

Sasa Divin, fungua mkono wako. Najua uliniomba ninyamaze, unisamehe, mtu wa kitanda hiki hana nafasi ya kutunza siri. Arlette, tazama. Kabla ya Pasaka ndugu yako aliniletea huyu. Alikuwa mpagazi, Divin akamkata shingo, akamvisha kitambaa cha kichwani kilichokatwa kwenye bati la kifuniko cha chupa ya dawa, akamfunga kitenge, akamkunja mkono kiunoni vile Bibiane alivyokuwa akisimama mlangoni kungoja tumalize kubishana. Bamama walitembea na jeshi lile kweli, hata Casimir hatapata la kupinga. Kitambaa, kitenge, miguu, vyote alipaka mwenyewe. Nikamwambia basi mumalizie uso. Akakataa, akaniambia: "Papa, mi siwezi kumuweka macho. Ile sura ni ya Arlette." Kisha akatoka, akaosha pikipiki iliyokuwa safi.

Amembeba mfukoni miezi yote hii, anaogopa kukupa. Basi ninakupa mimi.

Jeshi msiligawe. Casimir aitwe Jumapili, nikiwepo ama nisipokuwepo. Mimi mtanilaza kando ya Bibiane, na siku hiyo mungojane, hata mvua inyeshe namna gani, asishike chepe mmoja kabla mwenzake hajafika... Mungu awatunze. Awape nyumba yenye kelele za batoto, na mikono yenye kazi, na... awape kulala vizuri. Mimi nimewabariki wote wawili, sawasawa, hakuna aliyepunguziwa.

Hapana, maji sitaki. Rangi iko pale dirishani. Macho usitie nyeupe tupu, Arlette, changanya na kahawia kidogo... mama yako alianzia la kushoto. Ndiyo. Taratibu, nina... bado niko, ninaona.

Divin, mushikilie vizuri. Dada yako anahamia jicho la kulia.