Shangazi Anaacha Simu Zetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa kitengo cha kompyuta, ambaye jengo zima linamwita Shangazi, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa kumwandikia wasifu kwa kuwa meza zetu zimetazamana miaka mingi. Miaka yote hiyo nimekuwa nikikitamani kiti chake, na sijawahi kuficha.

Aliajiriwa kushughulikia kompyuta na printa. Fundi simu alipohama, utawala uliona kwamba simu nazo zina nyaya, ukatubwagia sisi mtambo mzima. Mimi nilikwenda kozi, nikarudi na cheti. Shangazi hakwenda popote. Simu ikisumbua, aliitibu kama kompyuta: anazima, anawasha, anangoja.

Ndivyo alivyozima mtambo wote asubuhi ya kazi, akidhani anazima kisanduku cha idara ya mauzo. Jengo likawa kimya. Mkurugenzi akashuka ngazi mwenyewe, tukajua kimenuka. Kumbe amekuja kushukuru! Alikuwa amebanwa na mteja mgomvi, hajui amwageje. Mwaka uliofuata nilizima mtambo huohuo kwa utaratibu, tangazo nimelibandika mlangoni, nikapewa barua ya onyo. Aliyepewa kapewa.

Tulipoleta simu mpya zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, alikosea kupanga namba na simu za wateja zikawa zinalia stoo. Mtunza stoo akazipokea kwa ucheshi hata akahamishiwa huduma kwa wateja. Leo ni mkuu wa idara hiyo, na kila sikukuu anamletea Shangazi keki. Mimi niliyezirudisha namba mahali pake sijaonja hata kipande.

Watu wakipiga kitengoni wakanipata mimi, huuliza Shangazi anarudi lini. Mhasibu alikaa siku nzima bila simu akimngoja atoke kliniki, na mimi nipo, cheti kinaning'inia ukutani. Shangazi akifika mezani kwa mtu huvuta kiti, huuliza hali ya mama na watoto, ndipo anakumbuka simu. Wivu niliouona, sina haja ya kuueleza.

Mwezi uliopita niliteuliwa kurithi nafasi yake. Nilitembea kifua mbele, nikijua hatimaye nimepata kitu bila mkono wake. Juzi Mkurugenzi akanieleza kuwa kabla ya kuniteua alikwisha kuamua kuleta mtu wa nje. Shangazi alipanda ofisini kwake akagoma kuondoka. Alimwambia kuwa yeye simu alikuwa akizibahatisha tu, anayezijua ni yule mnunaji wa meza ya pili, na asipopewa huyo kiti hicho itakuwa dhuluma.

Basi hata hapo kanishinda.

Asante, Shangazi. Kapumzike kwa afya na amani, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Jumatatu watu watapiga wakikuulizia, nami nitawajibu kwamba hata mimi nakutafuta.