Mzee Mihayo, Sikio la Bunduki Kuukuu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita kwenye karakana ya Bhagwanji na Wanawe hapa Tabora mjini, fundi wetu wa bunduki, Mzee Adriano Mihayo, anavua aproni. Sisi wa kaunta tumepewa kazi ya kumwandikia, nasi tumeipokea kwa fahari. Huko Urambo na Kaliua, ukitaja duka hili, wanaulizia habari zake yeye.

Bunduki kuukuu zimepita Tabora tangu enzi za misafara, na Mzee hupenda kutamba kwamba mbovu zote zilibaki hapa zikimngoja. Mteja mwenye kibali akitamani bunduki ya marisawa ya mitutu miwili, ya zamani za mababu, hainunui mpaka Mzee aseme. Kwanza anahakikisha haina risasi. Anaikunjua, anachungulia ndani ya mitutu kuelekea dirishani, akitafuta kutu na mibonyeo. Anaifunga na kuitikisa karibu na sikio, asikie kama bawaba imelegea. Kisha anaichomoa mitutu, anaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele ya kanisa. Mlio ukifa palepale, kiungo kati ya mitutu kimeachia, na atakayeifyatua anaweza kupoteza mkono. Hapo Mzee habembelezeki. Wateja wamenuna, bosi wetu Hardik amenuna, yeye anaendelea na chai yake.

Kuteleza si kuanguka, naye aliteleza mara moja. Mama Kabula wa Kaliua, mjane wa mrina asali, alileta bunduki ya marehemu mumewe ikaguliwe, kwa kuwa Tobias, mkulima wa tumbaku, alitaka kuinunua. Ndani mitutu ilikuwa safi, kitako kizima, lakini mlio ulikuwa mfu. Mzee akatamka kwamba haikutunzwa, ipelekwe polisi ikateketezwe. Mama Kabula hakulilia mauzo. Kilichomuuma ni lile neno.

“Baba Dionis alikuwa anaifuta kila Jumapili akitoka misa,” alisema. “Leo mnamwita mzembe, naye hayupo wa kujitetea?”

Mzee hakubadili kauli, na mama wa watu akaiacha bunduki karakanani, akarudi kwao na uchungu wake.

Kesho yake nyuki waliingia karakanani. Sote tulikimbia isipokuwa Mzee, aliyeona wanatua kwenye mitutu ile tu. Akaisogelea, akainusa. Kumbe marehemu, kama mrina asali asiyetupa nta, aliiyeyusha akaimimina kwenye uwazi ulio kati ya mitutu ili unyevu usipenye. Nta hiyo ndiyo iliyozima mlio. Mzee aliitoa kwa maji ya moto, akaining'iniza mitutu upya na kuigonga, na mlio tukausikia mpaka kaunta.

Mwingine angepiga simu. Mzee alipanda treni hadi Kaliua, na Jumapili, watu walipotoka misa, akasimama mbele yao akatangaza kwamba marehemu aliitunza bunduki yake vizuri, na aliyekosea ni yeye fundi. Mama Kabula alimwambia kwamba sasa mumewe amelala kwa amani. Hakuiuza tena, mwanawe Dionis aliomba kibali cha kuirithi. Tobias alilalamika kidogo, kisha akacheka na wenzake. Tangu siku hiyo, hapa kwetu mwenye bunduki husikilizwa kwanza, ndipo mitutu igongwe.

Wengi wanauliza mbona anaondoka na nguvu bado anazo. Hakuna aliyemwambia aende. Mwezi wa nne aliining'iniza mitutu anayoijua kuliko yote, akaigonga, akamwita Hardik asikilize. Hardik alisikia mlio mrefu, mzuri. Kwa Mzee ulikuwa umeishia njiani. Siku hiyohiyo akaomba kupumzika, kwa sababu kosa lijalo lingeweza kuwa mkono wa mtu. Tulimsihi abaki, hata kwa ushauri tu.

“Nimeshajikagua mwenyewe,” akatujibu. “Sifai kununuliwa.”

Mzee wetu, hukumu hiyo inatuuma, lakini tunaipokea kama tulivyozipokea zako zote. Ahsante kwa kila mkono uliouokoa. Nenda salama nyumbani kwa mkeo, Mama Advera, ule jasho lako kwa amani na afya.