Papa Zagabe, Mutu Aliyetoa Mulango wa Dépôt

Papa Zagabe Isidore ametumika katika shule yetu ya Nyalukemba, hapa Bukavu, miaka makumi mbili na tisa, na mingi kati ya hiyo akiwa directeur de discipline. Tarehe mbili mwezi wa saba, mwaka huu wa 2003, atarudisha filimbi yake ya kuita watoto na kwenda zake nyumbani. Comité ya wazazi imeomba mutu wa zamani amuandikie maneno. Wa zamani kuliko wote ni mimi, Godelive wa jikoni, ambaye watoto wananiita Nyakulu, yaani bibi yao. Shule sikuisoma, niliipikia tu. Tatiana wa secrétariat ndiye anashika bic, na nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Alifika hapa kutoka Lwiro, kijana mwembamba, mwalimu wa hesabu, na suti moja ya abacost, rangi ya kahawa. Serikali iliyoleta abacost imekwisha kwenda, ile yake ingali kazini. Tumepita vita, tumekimbia, tumerudi, wenye silaha wamebeba mpaka madirisha, lakini Papa Zagabe hakuingia classe bila kufunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kuimba hajui. Asubuhi, kwenye bendera, watoto walikuwa wanangoja afungue mudomo, halafu wote wanaangalia viatu vyao wasicheke. Na mbuzi anaziogopa. Asikatae, nilimuona kwa macho yangu amesimama juu ya banc ya wanafunzi.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye sifa kama hizi watu wanalizunguka. Alipopewa discipline alikuwa mukali kama pilipili. Kule nyuma, kwenye dépôt, chumba cha majembe na simenti, aliweka kufuli kwa nje. Mutoto akikosa, ndani. Akipiga mateke, mikono inafungwa kamba kwanza. Wazazi walimusifu, wakasema hii ndiyo shule. Hakuna aliyeuliza neno.

Mwezi wa kumi 1996, bunduki zililia juu ya muji tukiwa shuleni. Kila mutu alishika mutoto aliyekuwa karibu na mukono wake, tukafuata barabara ya Kavumu. Papa Zagabe aliongoza classe tatu nzima, akazifikisha Miti bila kupoteza hata mutoto mumoja. Watu walikuwa wanamushukuru. Akaingiza mukono mufukoni kutafuta kitambaa cha kupanguza jasho, akakuta ufunguo wa dépôt.

Maombi alikuwa ndani. Binti wa miaka kumi na ine, alifungiwa asubuhi ile kwa sababu alimujibu mwalimu.

Papa aligeuka tu. Bukavu yote inatoka, yeye anaingia. Nilimushika abacost kwa mikono miwili, nikamuambia: “We Zagabe, unaenda kufa juu ya nini?” Alinionyesha ufunguo. Nilimuacha. Mufuko niliouchana siku ile bado umeshonwa kwa uzi mweusi, mutaangalia kwenye sherehe.

Alifika shuleni kesho yake, wenye bunduki wangali njiani, akafungua. Maombi alikuwa amejifunika mifuko ya simenti, sauti imemuishia kwa kupiga kelele. Alimuangalia, akauliza: “Papa Directeur, punition imeisha?”

Neno lile la Maombi hakulificha. Shule ilipofungua tena, alisimama mbele ya wazazi wote, na Maombi na baba yake mustari wa mbele, akalisema yeye mwenyewe vile lilivyotoka, na tournevis ya kufungulia skrubu mukononi. Akasema: “Mimi ndiye niliyemufungia. Mutoto wangu wa kuzaa nisingemusahau.” Kisha akaenda nyuma, sisi tukamufuata, akatoa mulango na vyuma vyake vyote. Nilipiga vigelegele mpaka koo ikauma. Mukubwa anayesimama mbele ya watu kukubali kosa, nilikuwa sijamuona, hata kanisani.

Toka siku ile tunafuata sheria yake. Mutoto hawekwi mahali ambapo hawezi kujifungulia. Kamba ni ya mbuzi. Kama mutoto anataka kujiumiza ao kuumiza mwenzake, mukubwa amushike kwa mikono, mukubwa mwingine awe pale anaangalia, amuachilie mara pumzi inaposhuka, na jua lisizame kabla wazazi hawajaelezwa. Mwalimu Barthélemy alicheka: “Sasa tutawazuia na nini, Directeur, na rozari?” Papa alimujibu: “Na sauti, mwalimu. Ikishindikana, na mikono. Na ukishindwa yote mawili, uniite.”

Akaitwa. Vita ya pili ilitutumia Héritier, kadogo aliyetoroka jeshini, mutoto aliyejua bunduki kuliko kitabu. Siku moja mulango wa classe uligongwa na upepo, paa! Akapindua mabanc, akashika kipande cha kioo. Barthélemy alikuwa amekwisha kimbilia kamba. Papa Zagabe alimushika Héritier kutoka nyuma, wakaanguka pamoja, akamuita jina lake polepole kama mutu anayebembeleza mutoto muchanga. Héritier alimuuma mukono, na Papa hakumupiga. Mutoto alipolegea, Papa alimuachilia palepale, wakakaa chini wawili, ukuta mugongoni, mpaka chakula. Kamba ya Barthélemy ilibaki mikononi mwake, hajui aiweke wapi. Alama ya meno ingali pale. Héritier mwaka huu amefanya examen d’État ya kumaliza shule, na Barthélemy ndiye alimufundisha Kifaransa, jioni kwa jioni, bila kuombwa.

Wakosaji wengine Papa alianza kuniletea jikoni wachague maharagi. Hiyo nayo nimulaumu. Walianza kukosa makusudi, maana kwangu kuna joto, na sambaza, samaki zile ndogo za ziwa, zinanukia.

Na Maombi? Sasa watoto wanamuita Maman Maombi, ni mwalimu wa première primaire, wale wadogo kabisa, hapa hapa. Angeweza kwenda shule nyingine. Alisema anataka shule ambayo dépôt yake anaijua.

Bwana Gérard anayeshika kiti cha Papa ni kijana wa akili, nampenda. Juzi alikuja kuniuliza mulango wa dépôt ulienda wapi, maana majembe yataibwa, na watoto wa siku hizi wamekuwa wagumu. Nilimuonyesha. Ni meza yangu, juu yake nakatia majani ya sombe. Majembe yaje yalale jikoni. Watoto wagumu nao waje, maharagi hayajaisha. Lakini mulango haurudi nikingali na pumzi, na nikikata pumzi, Maombi yuko.

Papa Zagabe, aksanti. Watoto wa watu umeturudishia wazima, hata yule uliyekuwa umemusahau. Enda Lwiro, ulime, mbuzi zikupishe njia, Mungu akupe siku ndefu na usingizi usiokatwa na filimbi. Kwenye sherehe tutakula juu ya mulango ule, na Maombi amekwisha sema yeye ndiye atakupakulia bugali. Filimbi uirudishe. Ufunguo baki nao, hapa kwetu hauna tena cha kufunga.